Kazi ya darasani ivuke mpaka: Wanafunzi watangaze dagaa, si manukato

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo wafanyabiashara wengi wa mipakani wameugeuza kinga ya kukwepa gharama za matangazo. Mama anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, akiulizwa kwa nini magunia yake hayana hata jina, hujibu kwamba wateja wake wanamjua. Ni kweli wanamjua. Lakini wanaomjua ni wale wanaofika sokoni na kushika mzigo kwa mikono yao. Mlaji wa Kigali au Lubumbashi hamjui, wala hana njia ya kumjua. Dagaa wakifika huko huwa wameshabadilishiwa magunia njiani na kuchanganywa na wa watu wengine, na anayevuna bei nzuri ni yule wa mwisho aliyewatia kwenye pakiti yenye picha na jina.

Sokoni humo humo kuna msemo mwingine: biashara matangazo. Misemo hiyo miwili haigombani kama inavyodhaniwa. Kizuri hujiuza pale kinapoonekana. Kikiwa ndani ya gunia lisilo na jina, upande wa pili wa mpaka, kizuri na kibaya hufanana.

Wakati mama huyo anakosa mtu wa kumtengenezea tangazo, vyuoni wamo vijana wanaotengeneza matangazo yasiyo na mwenyewe. Katika masomo ya usanifu wa michoro, kazi moja hairukwi: mwanafunzi asanifu ukurasa mmoja wa tangazo la kuchapishwa katika jarida. Bidhaa huachiwa achague mwenyewe. Basi huchagua manukato ya Ufaransa, saa ya Uswisi, viatu vya michezo au soda inayojulikana dunia nzima. Picha huchukuliwa mtandaoni, maneno huandikwa matatu ya kuvutia, mwalimu hutoa alama, na kazi hulala kabatini. Kampuni ya manukato haikuihitaji, kwa kuwa ina wasanifu wake. Hakuna mtu mpakani aliyeuza kilo moja zaidi kwa sababu ya kazi hiyo.

Huo ni upotevu, na unaweza kukomeshwa bila bajeti mpya wala kikao cha mawaziri. Bidhaa ya zoezi hilo itoke sokoni. Mwanafunzi apewe mfanyabiashara halisi mwenye mzigo halisi unaovuka mpaka, na mfanyabiashara huyo awe mmoja wa watakaosema kama tangazo limefaulu au limeanguka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imefanya mengi ili mzigo uvuke. Vituo vya huduma kwa pamoja vimejengwa Busia, Namanga, Rusumo na kwingineko, ili dereva na mchuuzi wasisimame mara mbili kwa ukaguzi ule ule. Upo utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Hayo yote humvusha mtu na gunia lake. Hayamvushi jina lake. Jina huvuka kwa kutangazwa, na hapo ndipo mwanafunzi ana kazi ya maana.

Chukua hao dagaa wa Ziwa Victoria. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akiandika kwa herufi kubwa neno “DAGAA”, anadhani amemaliza. Akivuka kwenda Kisumu, samaki hao hao wanaitwa omena. Akifika Kampala, ni mukene. Burundi na mashariki mwa Kongo atasikia ndagala, jina la samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, na mteja wa huko atataka kujua kama hawa wa Victoria ni wale anaowafahamu au ni wengine. Ziwa ni moja, samaki ni mmoja, majina ni matatu kabla hata ya kutoka ukingoni mwake. Tangazo la ukurasa mmoja lina nafasi ya jina moja kubwa. Lipi liwekwe?

Swali hilo mwalimu hawezi kulijibu kwa kitabu. Linajibiwa na mfanyabiashara anayejua mzigo wake unaishia wapi. Kama wanunuzi wake wengi wako Uganda, jina kubwa ni mukene, na dagaa liandikwe chini yake kwa herufi ndogo. Kama anauza nchi tatu, huenda picha ya samaki wenyewe ndiyo ichukue nafasi ya kichwa cha tangazo, majina yote yakapangwa chini yake kwa ukubwa mmoja. Kila uamuzi una hasara yake, na kujifunza kuchagua hasara iliyo ndogo ndio usanifu wenyewe. Anayetangaza manukato ya Paris hakutani na swali kama hilo hata siku moja.

Si dagaa peke yao. Choroko za Tanzania ni ndengu kwa Wakenya. Ugali ni posho Uganda na bukari kwa Waswahili wengi wa Kongo, na majani ya muhogo anayoyaita Mtanzania kisamvu, Mkongo anayaita sombe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na kila tarehe 7 Julai dunia nzima huadhimisha siku yake. Lakini Kiswahili cha sokoni kina vyumba vingi, na tangazo linaloingia chumba kisicho chake hubaki mlangoni. Kijana anayejifunza hilo angali chuoni atakuwa msanifu wa eneo zima, si wa mji mmoja.

Baada ya jina huja ujumbe. Walimu wa fani hii husisitiza kwamba tangazo moja libebe jambo moja. Mwanafunzi aliyekaa darasani ataandika “bora”, “tamu”, “asili”, maneno ambayo kila muuzaji huyatumia na kwa hiyo hayamwambii mteja kitu. Mwanafunzi aliyekwenda sokoni na kusikiliza wanunuzi atarudi na neno moja: mchanga. Dagaa waanikwao chini ufukweni hubeba mchanga, na mpishi huujua pale meno yanaposaga. Shehena kubwa ya dagaa wa namna hiyo huishia kuwa chakula cha kuku na mifugo kwa bei ya chini. Waanikwao juu ya vichanja hutoka safi. Basi kichwa cha tangazo kinajiandika chenyewe: “Hawajagusa mchanga.” Picha nayo imeshajulikana: kichanja kilichoinuka juu ya ardhi, jua, na samaki waking'aa. Maneno mawili na picha moja, na mnunuzi wa nchi yoyote ameshaelewa kwa nini kilo hii ina bei kuliko ile.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa na wageni nguvu ya maneno machache. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina hilo ni mstari mmoja tu, nalo limeuza kanga vizazi na vizazi na kusema yale ambayo mvaaji hakuweza kuyatamka. Alama ya “Mali ya Abdulla”, ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ilichapwa kwenye kanga zenyewe, hivyo kila mwanamke aliyejifunga alilitembeza jina la muuzaji. Darasa la usanifu linaloanza na kanga kabla ya kufungua majarida ya ng'ambo litajenga juu ya msingi uliopo.

Kisha kuna mambo madogo ambayo mpakani ni makubwa. La kwanza ni simu. Tangazo lenye namba inayoanza na sifuri humfaa mteja wa nchi hiyo hiyo tu. Aliye Kigali hawezi kumpata muuzaji wa Mwanza mpaka aone +255 mbele ya namba. Wa Nairobi ni +254, wa Kampala +256, wa Bujumbura +257, wa Lubumbashi +243. Ni tarakimu chache, lakini zikikosekana ukurasa mzima umechapwa bure.

La pili ni kipimo. Mtanzania hununua dagaa kwa sado au debe, Mkenya kwa gorogoro. Kilo ndiyo inayoeleweka pande zote, na ndiyo inayokubalika kwenye karatasi za mpakani. La tatu ni bei. Bei ya shilingi ya nchi moja haimsaidii anayelipa kwa faranga, na jarida hukaa mezani miezi kadhaa wakati thamani ya fedha inapanda na kushuka. Mara nyingi afadhali ukurasa useme kiasi cha chini cha kuagiza na mahali pa kuulizia bei ya wiki hiyo.

Zoezi la kuchapisha lina somo jingine ambalo skrini haitoi. Kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga; mtambo wa uchapaji huzitengeneza kwa wino wa aina nne tu: samawati, zambarau-nyekundu, manjano na nyeusi. Hakuna wino wa fedha kati ya hizo. Mng'ao wa dagaa unaopendeza kwenye kioo cha simu hugeuka kijivu kizito kwenye karatasi, na kama karatasi ni ya bei nafuu inayonywa wino, samaki wataonekana kama udongo. Mwanafunzi lazima aing'arishe picha kuliko anavyodhani inatosha, apige kwa karibu, aache weupe wa karatasi ufanye kazi ya fedha, kisha achape nakala ya majaribio kabla ya kukabidhi.

Picha nayo iwe na ukubwa wa kutosha. Ukurasa wa A4 una milimita 210 kwa 297, na kwa uchapaji mzuri unadai nukta 300 kwa kila inchi, yaani picha ya takriban pikseli 2,480 kwa 3,508. Picha ya simu inaweza kufika hapo, lakini ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa na kufika imechakaa. Itumwe kama faili. Rangi ya ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, ili kisu kikiteleza kidogo kusibaki ufito mweupe. Na maneno yakae mbali na ukingo huo, hasa namba ya simu. Mfanyabiashara akiyajua haya hatatapeliwa kirahisi na mtu wa stationari anayemwambia kwamba kila kitu kiko sawa.

Jambo zito kuliko yote ni ukweli. Tangazo la manukato ya kubuni linaweza kudai lolote, maana hakuna atakayenunua. Tangazo la chakula kinacholiwa na watoto haliwezi. Mwanafunzi asiandike kwamba dagaa wanatibu ugonjwa fulani kwa sababu tu ukurasa umepwaya. Asibandike nembo ya TBS, KEBS au UNBS kwa ajili ya kupendezesha. Nembo ya ubora ni kibali kinachotolewa na shirika husika, na kuitumia bila kibali ni kosa la kisheria ambalo litamwangukia mwenye mzigo, si mwanafunzi aliyekwisha kupata alama zake. Nchi za Jumuiya zilikubaliana, kwa sheria ya viwango ya mwaka 2006, kwamba bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine. Alama hiyo ni pasipoti ya bidhaa, na anayeighushi huwachafulia njia hata wale walioipata kihalali.

Hapo hapo mwanafunzi atagundua kwamba tangazo haliwezi kuitangulia bidhaa. Akiomba picha ya pakiti akaambiwa hakuna, ila gunia tu, itabidi wakae pamoja na kuanza na lebo: jina la chakula, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe. Zoezi lililokuwa la ukurasa mmoja litakuwa limezaa kifungashio. Na jina litakalochaguliwa likaguliwe kama lina mwenyewe, si katika nchi ya muuzaji tu bali pia kule mzigo unakokwenda, kwa sababu jina lililo huru nchi moja laweza kuwa la mtu nchi ya jirani.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zisikilizwe. Wa kwanza watasema majarida yanakufa na watu wako kwenye simu. Ni kweli simu imechukua wasomaji wengi. Lakini ukurasa uliosanifiwa kwa nidhamu ya karatasi, ambako kosa likishachapwa halifutiki, huhamia kwenye simu bila shida. Tangazo la simu lililotengenezwa ovyo halihamii kwenye karatasi. Zaidi ya hayo, ukurasa mmoja wa A4 hubandikwa kwenye kibanda, huwekwa kaunta ya hoteli, hupewa dereva wa lori akampelekee mnunuzi. Hauhitaji bando wala chaji.

Wa pili watasema mwanafunzi anahitaji uhuru wa kubuni, na kumfunga kwenye gunia la dagaa ni kumnyima ndoto. Hoja hiyo inadharau dagaa na inadharau ubunifu. Kutangaza kitu ambacho dunia imeshakipenda ni kazi nyepesi. Kumfanya mtu atamani kitu alichokizoea na kukidharau, kwa maneno matano na picha moja, ndicho kipimo cha msanifu. Tena kijana huyo atakapotafuta ajira, mwajiri atamwuliza kazi yake ilileta nini. Mwenye tangazo la soda ya watu hatakuwa na jibu. Mwenye tangazo la dagaa ataweza kumtaja mfanyabiashara aliyepigiwa simu kutoka nchi jirani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: je, huku si kuwatumikisha wanafunzi bure? Inaweza kuwa hivyo kama hakuna makubaliano. Ndiyo maana chuo na chama cha wafanyabiashara waandikiane karatasi moja ya lugha nyepesi kabla ya kazi kuanza. Mfanyabiashara agharamie nauli, bidhaa za kupiga picha na nakala za majaribio. Mwanafunzi abaki na haki ya kuonyesha kazi yake na kutajwa jina. Siku tangazo litakapochapwa kibiashara au kuwekwa kwenye maelfu ya pakiti, mwanafunzi alipwe kiasi kilichokubaliwa. Mfanyabiashara anayejua uchungu wa kukopwa mzigo asilipwe hapaswi kumkopa kijana akili yake.

Wafanyabiashara nao wana mzigo wao katika jambo hili. Wengi huficha habari za biashara zao hata kwa anayetaka kuwasaidia. Humwambia msanifu “tengeneza kitu kizuri”, kisha hukataa kila kinacholetwa. Kijana anahitaji majibu manne: nani hununua, kwa nini hununua kwako na si kwa jirani, hulalamikia nini, na mzigo huishia nchi gani. Asiyeweza kuyajibu hayo hana tatizo la tangazo. Ana tatizo la biashara, na ni heri aligundue mbele ya mwanafunzi kuliko mbele ya mkopeshaji.

Mahali pa kuanzia papo. Makerere imefundisha sanaa tangu Margaret Trowell alipoanza masomo yake mwaka 1937. Kinshasa ina chuo chake cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1943. Shule ya sanaa ya Nyundo nchini Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1959, iko wilayani Rubavu, jirani na mpaka wa Goma, ambao katika siku za utulivu huvukwa kwa miguu na maelfu ya wachuuzi, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani. Nairobi na Dar es Salaam zina vyuo vyao. Umbali kati ya madarasa hayo na masoko ni nauli ya basi. Kilichokosekana ni mwaliko.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vitoe mwaliko huo muhula ujao. Kila chama kichague bidhaa tano za wanachama wake, kiandike barua kwa chuo kilicho karibu, na kiombe bidhaa hizo ziwe zoezi la darasa. Walimu wakubali mfanyabiashara akae mezani siku ya kutathmini kazi. Magazeti na majarida ya eneo hili nayo yatoe ukurasa mmoja kila mwisho wa muhula kwa tangazo lililoshinda, bila malipo. Gharama ya ukurasa huo ni ndogo, na aliyesaidiwa leo huenda kesho akarudi kununua nafasi kwa fedha zake.

Mama wa Mwaloni Kirumba hajakosea kusema kwamba kizuri chajiuza. Dagaa wake wakionekana juu ya kichanja, chini yao jina lake, na namba inayoanza na +255, watajiuza hata kwa mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa.